Fidia ya Kileo: Nani Hulipwa Serikali Inapofunga Mlango?

Mwaka 1842, katika Mkataba wa Nanjing, Uchina iliyoshindwa vitani ilikubali kulipa dola milioni sita kwa kasumba iliyoiharibu yenyewe. Kasumba hiyo ilikuwa haramu kwa sheria za Uchina na ilikuwa imeingizwa kwa magendo kutoka India. Miaka mitatu nyuma kamishna Lin Zexu alikuwa ameamuru makasha zaidi ya 20,000 yatiwe chumvi na chokaa huko Humen, kisha mchanganyiko ule usukumwe baharini. Hata hivyo ikalipwa. Katika mtaa wa Langas, pembeni mwa Eldoret, mama pima, yaani mwanamke anayepika na kuuza pombe ya kienyeji, anayemwagiwa dramu ya chang'aa mtaroni hapewi hata risiti.

Kuna atakayesema mambo haya hayafanani: lile ni la vita vya madola, hili ni la chifu na askari wachache wenye marungu. Lakini swali ni lile lile. Serikali inapofunga biashara ya kileo ambayo jana iliivumilia, au iliipa leseni, au ilikula kodi yake, hasara ni ya nani? Wakoloni waligombana juu ya swali hili kwa zaidi ya miaka mia, na Kenya huru imelirithi bila kulijibu. Ukiifuata migogoro hiyo mmoja baada ya mwingine unakuta kwamba fidia haikwenda kwa aliyepoteza zaidi. Ilikwenda kwa mwenye karatasi, na pale ambapo hakuna aliyekuwa na karatasi, ilikwenda kwa mwenye kura au mizinga.

Wafanyabiashara Waingereza wa kasumba huko Canton walilipwa kwa sababu ya hati. Charles Elliot, msimamizi wa biashara ya Waingereza, aliichukua kasumba yao kwa niaba ya serikali ya Malkia, akawaandikia stakabadhi, ndipo akaikabidhi kwa Lin. Kuanzia hapo bidhaa ya magendo ikawa mali ya dola, na dola hudaiana na dola nyingine. Kasumba ilikuwa ile ile, moshi ule ule. Na walipopata fedha, wenye makasha bado walinung'unika kuwa wamepunjwa bei.

Huku kwetu somo hilo lilikuja kwa biashara mbaya kuliko kasumba. Uingereza ilipofuta utumwa katika makoloni yake mwaka 1833 ilitenga pauni milioni 20, zote za wenye watumwa. Mtindo huo ukahamia Unguja. Tarehe 6 Aprili 1897 Sultani Hamoud bin Mohammed alitia saini amri ya kufuta hadhi ya utumwa kisheria. Amri hiyo ilimruhusu bwana aliyethibitisha kwamba alimmiliki mtumwa wake kihalali adai fidia. Katika pwani ya Kenya sheria kama hiyo ilikuja mwaka 1907, nayo ikaja na madai yake ya fidia. Mtumwa aliyelima mashamba ya karafuu, au mashamba ya nafaka ya Malindi, hakuwa na dirisha la kwenda kudai chochote. Hakuna aliyeona ajabu, kwa kuwa kwa mantiki ya ofisi aliyepoteza mali ni yule ambaye jina lake liko kwenye hati ya mali.

Kampuni ya Kifalme ya Afrika Mashariki ya Waingereza, iliyopewa mkataba na Malkia mwaka 1888, nayo ilifunga duka. Ilipoachia eneo lake mwaka 1895 ililipwa pauni 250,000, na sehemu kubwa ya fedha hizo ilitoka katika hazina ya Zanzibar. Kampuni iliyofilisika kwa uendeshaji wake yenyewe ililipwa ili iondoke, na mlipaji mkubwa alikuwa usultani uliokuwa umenyang'anywa sauti.

Mmoja wa watumishi wa kampuni hiyo alikuwa Frederick Lugard. Wasomaji wetu wanamjua kwa Uganda na kwa Nigeria, lakini kati ya 1907 na 1912 alikuwa gavana wa Hong Kong, na huko alikumbana na mgogoro wa fidia ya kasumba uso kwa uso. Mwaka 1908 serikali ya London, ikisukumwa na wabunge waliokwisha kuitangaza biashara ya kasumba kuwa haiwezi kutetewa kimaadili, iliagiza vibanda vya kuvutia kasumba vya Hong Kong vifungwe. Agizo lilifika kwa telegramu, na Lugard hakufurahi. Serikali yake ilikuwa ikikodisha haki ya kasumba kwa mfanyabiashara mmoja mkubwa kwa mkataba wa miaka, naye akiikodisha kwa wenye vibanda. Kufunga vibanda kulimaanisha kuvunja masharti ya mkataba ule, na pia kupoteza kipande kinono cha mapato ya koloni.

Wadai wakajipanga. Mkodishaji alidai apunguziwe kodi aliyoahidi kulipa, maana wateja wake wamefungiwa. Serikali ya Hong Kong ikadai London iijazie pengo la hazina, kwa hoja kwamba anayeamuru wema ndiye alipie wema. London ikavutana, kisha ikatoa sehemu tu ya hasara. Vibanda vilifungwa kwa awamu, hadi kufikia 1910 vyote vilikuwa vimefungwa. Aliyefagia kibanda, aliyetayarisha kiko, aliyekuwa akiuza chai mlangoni, na mwenye kibanda kidogo aliyekodi kutoka kwa aliyekodi, hao hawakuwa na nafasi mezani. Fidia ilisimama pale mkataba wa serikali ulipoishia. Chini ya mstari huo ilikuwa kila mtu na bahati yake.

Huyu Lugard ndiye, mwaka 1891, aliyewachukua askari wa Kisudani waliokuwa wameachwa na Emin Pasha karibu na Ziwa Albert na kuwaleta katika utumishi wa Waingereza Uganda. Kutokana nao na wenzao walioandikwa baadaye ilitoka jamii ya Wanubi wa Kenya. Wanubi wa Kibera ndio waliokuja kutajwa zaidi kwa ustadi wa kukeneka pombe kali, hata Waingereza wakaiita jini ya Kinubi. Leo tunaiita chang'aa. Kwa hiyo mkono mmoja ulitia saini ya kufunga vibanda Hong Kong, na mkono huo huo, bila kukusudia, ulisaidia kuleta nchini kwetu ufundi ambao serikali zote zilizofuata zimejaribu kuufunga.

Nyanda za Uasin Gishu, ulipo mji wa Eldoret, zilikuwa chini ya Uganda hadi 1902, zikahamishiwa himaya ya Afrika Mashariki kwa kalamu. Upinzani wa Wanandi ulivunjwa baada ya kiongozi wao Koitalel arap Samoei kuuawa Oktoba 1905. Mwaka 1908 ukaja msafara wa Makaburu wa Jansen van Rensburg na magari yao ya ng'ombe, na kwenye shamba nambari 64 ikazuka posta, kisha benki, kisha baa. Wazee wa mji bado wanauita Sisibo, kutokana na nambari hiyo. Baa ya walowezi iliyojulikana kama Rat Pit ni sehemu ya hadithi za mwanzo za mji sawasawa na ile benki, na hilo si jambo la kucheka tu. Katika Eldoret ya walowezi pombe kali ilikuwa halali kwa mtu mmoja na jinai kwa mwingine, kutegemea rangi ya ngozi.

Msingi wa ubaguzi huo ulikuwa wa kimataifa. Mkataba wa Brussels wa 1890 na ule wa Saint-Germain wa 1919 ilizuia pombe kali za biashara zisiwafikie Waafrika wa sehemu kubwa ya bara, na ule wa pili ukapiga marufuku ukenekaji. Kwa Mwafrika wa Kenya iliyobaki ni pombe ya asili, nayo kwa kibali. Mjini Nairobi, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1920, manispaa ilijipa ukiritimba wa kuuza pombe hiyo katika kilabu chake, kwa mfano wa Durban, ili faida iendeshe huduma za Waafrika wenyewe. Mwanamke aliyekuwa akipika na kuuza kwake akageuka mhalifu siku ile manispaa ilipogeuka mpishi. Hakuna aliyemuuliza alikuwa akipata nini kwa juma, wala aliyependekeza apewe japo kazi ndani ya kilabu kipya.

Katika mashamba ya Uasin Gishu mambo yalikuwa na sura nyingine, lakini mwisho wake ni ule ule. Hapa ni ghala la mahindi la nchi. Vibarua waliishi kwenye mashamba ya walowezi na mahindi ndiyo yaliyowazunguka asubuhi na jioni. Unga hukandwa, ukaachwa siku kadhaa uchachuke, ukakaangwa juu ya bati hadi uwe rangi ya kahawia na unukie hadi njiani, ndipo ukatiwa maji na kimea cha wimbi. Hiyo ndiyo busaa. Ikiachwa iwe kangara na kuwekwa motoni kwenye dramu, juu yake sufuria ya maji baridi na ndani chombo cha kupokea matone, inakuwa chang'aa. Kila hatua ina mtaji: kuni, sukari, bati, dramu, na deni la wateja wanaolipa mwisho wa mwezi. Msako unapoingia vyote huenda kwa pamoja, na deni ndilo la kwanza kupotea, kwa sababu hakuna mteja anayelipa pombe iliyomfikisha mwenzake mahakamani.

Uhuru haukubadili mpango huo sana. Mwanzoni mwa utawala wa Moi vilabu vya busaa vilifungwa na chang'aa ikapata sheria yake ya kuipiga marufuku. Sheria ilipita, chang'aa ikabaki, na kati yao ikakua taasisi isiyo na jina kwenye kitabu chochote cha serikali: ile ya chai ya kila juma. Mtu yeyote aliyekaa Langas, Huruma au Munyaka anaijua. Mpishi analipa ili asivamiwe, na analipa tena akivamiwa. Ukiitazama kwa jicho la mhasibu, hiyo ni leseni. Ina kiwango, ina muda, ina anayekusanya, na ukiikosa unafungiwa. Kilichokosekana ni risiti, na kwa kuwa hakuna risiti, siku ya kufungwa hakuna dai.

Mwaka 2010 mambo mawili yalitokea karibu kwa wakati mmoja. Bunge lilipitisha Sheria ya Kudhibiti Vileo, ambayo wananchi waliipa jina la mbunge aliyeisukuma, John Mututho, na Agosti ikazinduliwa Katiba mpya. Sheria ya Mututho ilifuta marufuku ya chang'aa ya miaka thelathini, ikairuhusu mradi itengenezwe kwa viwango na kufungashwa kwa chupa za kioo. Kwenye karatasi, mama pima alikuwa amekombolewa. Kwa vitendo aliambiwa ajenge kiwanda. Sheria hiyo hiyo ilifupisha saa za baa, zifunguliwe saa kumi na moja jioni siku za kazi, na ikazuia leseni kwa baa iliyo ndani ya mita 300 kutoka shule ya watoto. Mwaka 2013, ugatuzi ulipoanza, kutoa leseni za vileo kukawa kazi ya kaunti.

Hizo mita 300 ndizo zilizozaa ugomvi wa kweli wa fidia mijini. Eldoret ilikua haraka na bila mpango mwingi. Shule za binafsi zilifunguliwa katika nyumba za kuishi, baa zikafunguliwa karibu na soko, na soko likasogea hadi kwenye shule. Chukua baa iliyokuwapo kabla ya shule ya chekechea iliyofunguliwa nyuma yake. Mwenyewe amelipa leseni kila mwaka. Cheti kimetundikwa nyuma ya kaunta, ndani ya wavu wa chuma, kando ya bei za bia. Amekopa benki kununua friji na viti, na amelipa kodi ya pango ya mwaka mzima. Ofisa anakuja, anapima, anasema mwaka huu hapana. Je, huyu amenyang'anywa mali?

Sheria ya Uingereza, ambayo ndiyo mama wa sheria zetu za leseni, ililijibu swali hili mwaka 1891 katika kesi ya Sharp dhidi ya Wakefield. Susannah Sharp alikuwa na nyumba ya wageni yenye leseni katika kijiji cha Kentmere, milimani kaskazini mwa Uingereza. Mahakimu walikataa kuihuisha leseni yake kwa kuwa kijiji kiko mbali na polisi na hakihitaji baa. Kesi ilifika hadi Baraza la Malodi, likasema leseni ni ya mwaka mmoja, na kila mwaka mwenye mamlaka ana uhuru wa kuamua upya, mradi aamue kwa haki. Kwa maneno mengine, mwenye baa hana mali ila mwaka wake, na mwaka ukiisha ameishiwa.

Katiba yetu inaonekana kwa mtazamo wa kwanza kumpa matumaini zaidi. Ibara ya 40 inasema serikali isimnyang'anye mtu mali ya aina yoyote isipokuwa kwa manufaa ya umma, na kwa fidia kamili, ya haki na ya haraka. Lakini ukisoma Ibara ya 260, mali inayotajwa ni haki juu ya ardhi, bidhaa, ubunifu, fedha na madai ya fedha. Leseni haimo kwa jina. Na Ibara ya 40 yenyewe, kifungu cha sita, inakataa kulinda mali iliyopatikana kinyume cha sheria, jambo linalomtupa mama pima nje kabla hajafungua kinywa. Mwenye baa anabakiwa na Ibara ya 47, ya haki ya uamuzi wa utawala ulio wa haki. Apewe notisi, asikilizwe, aelezwe sababu. Mawakili wa wenye baa wamejifunza kupigania hapo. Wanashinda muda, si fedha.

Kesi za miaka ya karibuni zinafuata mkondo huo. Desemba 2017 waziri wa afya alipiga marufuku shisha nchini kote, na shisha, kusema kweli, ndiyo jamaa wa karibu zaidi wa kile kibanda cha kasumba: chumba, makochi, bomba, moshi, na mtu aliyewekeza katika samani. Wauzaji walikwenda mahakamani. Mwaka 2018 Mahakama Kuu haikuwapa fidia. Iligundua kwamba kanuni hazikufikishwa bungeni inavyotakiwa, ikaipa serikali miezi tisa isahihishe. Haikusahihishwa, na mwanzoni mwa 2024 mahakama ya Shanzu huko Mombasa ikawaachilia walioshtakiwa kwa kanuni hizo, ikisema marufuku haikuwa na nguvu. Miaka yote hiyo mabomba yalikuwa yakikamatwa. Kama marufuku haikuwa halali, basi ni nani anayerudisha mabomba? Kwa uelewa wangu hapo ndipo hoja ya fidia ilipokuwa na miguu ya kusimamia, na ajabu ni kwamba hapo ndipo ilipopiganiwa kidogo.

Nje ya vileo hali ni hiyo hiyo. Mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Agosti 2017, wenye viwanda, wenye leseni zote, hati zote na chama chenye ofisi, walikwenda mahakamani nao wakashindwa mwaka uliofuata. Manufaa ya umma yalipewa uzito kuliko mashine zao. Kwa hiyo karatasi peke yake haitoshi siku hizi kama ilivyotosha wakati wa Elliot.

Sasa tazama miraa. Uingereza ilipoipiga marufuku Juni 2014, serikali ya Kenya haikuwa imefunga chochote. Haikuwa na deni la kisheria kwa mkulima wa Meru hata la shilingi moja. Mwaka 2016 serikali ikatangaza shilingi bilioni moja za kuwasaidia wakulima wa miraa, na ugomvi uliofuata haukuwa kama walipwe, ulikuwa nani ameshika hizo fedha na zimeishia wapi. Huwezi kuueleza ukarimu huo kwa Ibara ya 40. Unaueleza kwa ramani ya kura. Meru ina mkulima mwanamume mwenye shamba, chama, mbunge na gavana. Mama pima wa Langas ana kura pia, lakini ya mtu mmoja mmoja, wa makabila mchanganyiko, katika mtaa ambao hata hati za viwanja vyake zilikaa mahakamani kwa miaka, na hakuna mwanasiasa atakayesimama jukwaani kudai haki za wapika chang'aa Jumapili baada ya ibada.

Najua pingamizi lililo tayari, nalo si dogo. Kwa nini mtu alipwe kwa kuacha kudhuru wenzake? Novemba 2000 zaidi ya watu mia moja walikufa kwa pombe yenye methanoli, wengi wao katika mtaa wa mabanda wa Mukuru kwa Njenga, Nairobi, na wengine wakapofuka. Februari 2024 watu 17 walikufa Kirinyaga, na iliripotiwa kwamba pombe ile ilikuwa kielelezo kilichotoka kituo cha polisi kabla ya kurudi kwenye glasi za wanywaji. Mwezi uliofuata waziri wa usalama wa ndani akatangaza hatua 25, kati yake kusimamisha leseni za viwanda vya pombe zinazoitwa za kizazi cha pili hadi vikaguliwe upya na kufunga baa zilizo katika makazi ya watu. Wenye viwanda walikimbilia mahakamani. Wajane hawakuwa na mahakama ya kukimbilia. Aliyepofushwa na methanoli hakuwahi kutajwa katika mjadala wowote wa fidia, si kwa Lin, si kwa Lugard, wala kwetu.

Kwa hiyo sisemi mwuza sumu alipwe. Ninasema tofauti kati ya busaa, chang'aa safi na kinywaji chenye methanoli ni kubwa, na msako huzimwaga zote katika mtaro mmoja. Tena serikali si mtazamaji katika biashara hii. Mwaka 2004 ilipotaka kumtoa mnywaji kwenye chang'aa iliipunguzia kodi Senator Keg, bia ya bei nafuu ya kampuni kubwa, na ilipoirudishia kodi mwaka 2013 mauzo yakaporomoka na watu wakarudi kwa mama pima. Punguzo hilo lilikuwa gharama ya umma iliyotumika kuhamisha wateja kutoka kwa mpishi mdogo kwenda kwa kiwanda. Kama hazina inaweza kumlipa mwenye kiwanda ili aingie sokoni, si kichekesho kuuliza ingegharimu nini kumlipa mpishi ili atoke.

Kuna mfano ninaoupenda kuliko yote, na haujulikani sana hapa. Mwaka 1904, miaka kumi na mitatu baada ya Susannah Sharp kushindwa, Bunge la Uingereza chini ya Balfour lilibadili mambo. Lilisema leseni ikikataliwa kwa sababu tu baa ni nyingi mno, bila kosa la mwenye baa, atalipwa. Lakini asilipwe na hazina. Alipwe kutoka mfuko unaochangiwa na baa zilizobaki wazi. Hoja ilikuwa rahisi: baa moja ikifungwa, wateja wake hawaachi kunywa siku hiyo hiyo, wanavuka barabara. Anayebaki ndiye anayevuna, basi achangie. Walokole wa wakati ule walipiga kelele kwamba walevi wanalipwa kwa dhambi, na wenye viwanda wakapiga kelele kwamba wanaibiwa. Ilipigiwa kelele na pande zote mbili, lakini ikafanya kazi kwa miaka mingi na maelfu ya baa zikafungwa bila vita.

Kwa Eldoret, iliyopata hadhi ya jiji Agosti 2024 na ambayo itapunguza baa zake mtu apende asipende, mpango wa namna hiyo ungewezekana ndani ya mamlaka ya kaunti ya leseni. Ada ya mwaka iongezwe kidogo kwa kila baa inayobaki, iwekwe katika mfuko wa pekee, na anayefungiwa kwa sababu ya mita 300 au wingi wa baa, si kwa kuuza watoto au kuuza sumu, alipwe sehemu ya pango na samani. Mwenye makosa asilipwe. Notisi iwe ndefu kiasi cha kumaliza bidhaa zilizo stoo. Najua chama cha wenye baa kitakataa, kama walivyokataa wenzao wa 1904, na kitasema ada tayari ni nyingi: ya kaunti, ya afya, ya zimamoto, ya muziki. Hilo ni la kweli na linahitaji hesabu.

Gumu zaidi ni yule asiye na leseni. Mfuko wa 1904 ungempita mama pima kama ulivyompita Mwingereza aliyeuza bia kwa mlango wa nyuma. Ili alipwe lazima aandikwe mahali fulani. Taarifa za kumwandika zipo: wazee wa nyumba kumi wanajua kila moto unaowaka usiku, na chifu anayejua mlango wa kuvamia hahitaji utafiti. Vikundi vya akina mama vya kukopeshana vipo katika kila mtaa wa mji huu na vina daftari. Mtaji wa kuanzia wa kuku, mitumba au mboga ungepitia humo kwa gharama ndogo kuliko misako. Lakini orodha ya wapishi ni orodha ya watuhumiwa pia. Wa kwanza kukubali jina lake liandikwe atataka kwanza kujua daftari hilo litalala wapi usiku, kwa idara ya biashara ya kaunti au kwa mkuu wa kituo.